Masahihisho ya Moka Bosire

Mama mkwe wangu haamini mtu, na redio ndiyo haiamini kuliko wote. Hiyo ndiyo sababu anaisikiliza kila siku. Watu wa hapa Manga wakimwona saa saba mchana ameiinamia ile redio yake iliyovikwa kitambaa cha kufuma, husema mama anaipenda redio ya taifa. Wapi! Anailinda, kama mtu anayekaa kando ya mkungu wake wa ndizi akijua mwizi ni jirani.

Jina lake ni Persis Bonareri, lakini kijiji kizima kinamwita Moka Bosire, yaani mke wa Bosire. Ndivyo tunavyowaita wake za watu huku Gusii. Ukimwita Persis mbele za watu anakukazia macho mpaka unasahau ulichotaka kusema. Mimi, Lorna, nimeolewa na kitinda mimba wake Duke mwaka wa kumi na nne sasa, na miaka ya kwanza nilidhani ni kiburi tu cha wazee. Sikujua kwamba jina hilo aliwahi kunyang'anywa hadharani, nchi nzima ikisikia.

Ilikuwa mwaka wa 1984. Bosire alikuwa fundi wa magari huko Nakuru, akija nyumbani Krismasi na wakati wa kupanda. Mama alikuwa na miaka thelathini, watoto watatu, na shamba la chai ukingoni mwa mlima. Jumatatu moja alikuwa akichuma majani chai, redio ameitundika uani, na baada ya habari za saa saba yakaja matangazo ya vifo. Msomaji akasema inatangazwa kwa masikitiko kifo cha Bosire wa Manga, kilichotokea mjini Nakuru. Mama akatupa kikapu. Kabla hajapata sauti ya kulia, msomaji akaendelea: marehemu alikuwa mume wa Drusilla na baba wa Ronny. Kisha akahamia kwa marehemu mwingine, mtu wa Murang'a.

"Kwa pumzi moja niliambiwa nimefiwa, na pia sijaolewa," mama huniambia.

Vijana wa leo hawawezi kuelewa, kwa sababu wana stesheni arobaini na simu mkononi. Wakati ule sauti ilikuwa moja. Redio hiyo ndiyo iliyowafundisha watoto masomo darasani, ndiyo iliyowatangazia wakubwa kwamba wamefutwa kazi, wakasikia wenyewe wakiwa mezani wakila ugali. Ikisema umekufa, ni heri ukatafute jeneza. Kwa hiyo wazee walipoketi kwa ajili ya mazishi, na mama akauliza atakaa upande gani wa jeneza, shemeji yake Angwenyi alijibu kwa upole wa kuchukiza: "Redio ya serikali imesema mjane ni nani. Wewe ni nani ubishane na serikali?"

Angwenyi ndiye aliyepeleka tangazo hilo. Sababu yake haikuwa siri kwa mtu mwenye macho. Mke wa Nakuru hangepanda mlima kuja kulima. Mke wa Manga alikuwa tayari amekaa juu ya shamba. Ukimfuta wa Manga, shamba linarudi kwa nani? Kwa ndugu wa marehemu, bila shaka. Mama aliliona hilo pale pale, akawaambia wazee maneno ambayo bado yanasimuliwa huku:

"Mwezi wa Agosti, mwaka wa juzi, redio hiyo hiyo ilisema asubuhi serikali imepinduliwa. Kufika jioni ikasema haijapinduliwa. Kama iliweza kusahihisha serikali nzima, itanisahihisha mimi."

Akachukua barua ya chifu mdogo, akaenda Kisumu, ofisi ya redio. Karani aliyekuwa akipokea matangazo, kijana aitwaye Okoth, alimsikiliza akiwa ameegemea kaunta.

"Mama, sisi tunasoma ile kitu tumeletewa," alimwambia. "Huyu ndugu ya marehemu alikuja na barua."

"Na mimi nimekuja na barua. Sitoki hapa."

Okoth akampa karatasi. Mama akaandika kwa mkono wake, polepole, akimaliza kila neno kabla ya kugusa lingine. Siku ya nne tangu tangazo la kwanza, Alhamisi, redio ikasema hivi: masahihisho, mjane wa marehemu Bosire ni mmoja, naye ni Persis Bonareri wa Manga. Ijumaa akakaa kando ya jeneza, na hakuna aliyemwondoa. Drusilla hakuonekana. Tangu siku hiyo mama husikiliza matangazo yote hadi la mwisho, asije mtu akapeleka masahihisho mengine. Ni Msabato safi, Ijumaa jua likitua kila kitu huzimwa, lakini kwa matangazo ya vifo huiwasha hata siku ya Sabato. Ukimuuliza anasema Mungu anamjua Angwenyi. Angwenyi mwenyewe alikufa miaka ishirini iliyopita, na mama alisikiliza tangazo lake redio ikiwa mapajani, ameishika kwa mikono miwili.

Sasa, mwaka jana, mwezi wa tano, mwanamume wa miaka arobaini na kitu akashuka kwenye pikipiki langoni petu. Shati limepigwa pasi, viatu vimejaa matope, Kikuyu chake bila shaka kizuri kuliko Ekegusii chake, maana alipojaribu kutusalimu kwa lugha yetu tuliona huruma tukahamia Kiswahili.

"Mimi ni Ronny," akasema. "Mtoto wa Drusilla. Mama ametuacha Jumamosi."

Mama mkwe wangu hakusema pole. Alisema, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba. Nataka mama azikwe hapa, karibu na mzee. Kwao Nyamache wamekataa. Wanasema msichana akishaolewa harudishwi kuzikwa kwao. Nikiwaambia hapa pia hawamtambui, wananiuliza basi aliolewa wapi."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa tangazo, ameliandika kwa ajili ya redio ya taifa. Angeweza kulirusha kwenye kundi la WhatsApp kama kila mtu, au kwenye stesheni za hapa za lugha yetu. Alisema watu wa kanisa la mama yake walikuwa wakisikiliza redio ya taifa siku ya yale masahihisho, na ni hapo hapo alitaka wasikie. Ndani aliandika kwamba Drusilla alikuwa mke wa marehemu Bosire, na mke mwenza wa Persis Bonareri wa Manga. Hakutaka kulipeleka kabla mama hajalisoma.

Nitasema kweli, sikumpenda. Duke naye hakumpenda. Usiku huo mume wangu alinong'ona kitandani kama mtu aliyezungukwa na askari: "Mtu hatoki Nakuru kutafuta kaburi tu. Leo kaburi, kesho mpaka. Redio ikishasema, tutabishana na nani?" Nami nikakumbuka mistari yetu ya chai, mapalizi niliyoyafanya nikiwa na mimba, nikaona yule Ronny anapima kila kitu kwa macho. Alipotazama mlima niliona anatazama shamba. Alipouliza choo kiko wapi nilidhani anatafuta beacon, lile jiwe la mpaka.

Asubuhi mama alimkalisha Ronny kwenye benchi la nje. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, ameisoma mpaka imelegea.

"Mama yako aliniona mimi mara ngapi?"

"Hajawahi kukuona."

"Alijua niko?"

"Alijua kwa redio. Ile ya masahihisho." Ronny alikuwa akiongea akiangalia viatu vyake. "Tangazo la kwanza hakuliandika yeye. Baba mdogo Angwenyi alikuja Nakuru akasema yeye atashughulikia kila kitu. Wanawake wa kanisa walikuwa kwetu, wamekuja kufariji. Alhamisi redio ikasema mjane ni mmoja, wa Manga. Wakatoka mmoja mmoja. Jioni tulikuwa wawili tu."

Mimi nilikuwa nikitwanga wimbi karibu hapo, nikaacha mchi ukiwa juu.

"Uongo," mama akasema. "Kama alijua mazishi ni Ijumaa, mbona hakuja? Mwanamke aliyefiwa anakuja hata akifukuzwa na mbwa."

"Tulikuja. Nilikuwa na miaka sita. Tulifika Keumbu, hapo sokoni. Mama akauliza njia ya Manga, halafu akashindwa. Akaninunulia ndizi, tukakaa chini ya mabati ya duka moja, halafu tukarudi."

"Mbona mlikaa chini ya mabati? Soko lina viti."

Nilijua anachofanya. Ndivyo anavyomhoji hata mtu wa kuleta maziwa: anauliza kitu kidogo, pembeni, mahali ambapo mwongo hajajiandaa.

"Mvua," Ronny akasema. "Ilikuwa ile ya mawe. Sikuwa nimewahi kuiona. Nilidhani watu wako juu ya mabati wanaturushia. Mama alinifunika na leso yake nyeusi, yale mawe yakampiga hapa." Akagusa nyuma ya shingo. "Alikuwa na alama kidogo mpaka amekufa."

Mama mkwe wangu aliweka karatasi kwenye benchi. Ijumaa hiyo ya mwaka wa 1984, jeneza likiwa linateremshwa, mvua ya mawe iliwakimbiza waombolezaji wote, ikatoboa majani ya chai mlima mzima. Hilo amenisimulia mara nyingi. Hakuna mtu wa Nakuru angeweza kulijua isipokuwa alikuwa karibu.

"Nipe kalamu," akaniambia.

Nilimletea nikijua atakata. Duke alisogea, naye akijua atakata. Lakini mama hakukata kitu. Aliandika tu chini kabisa, kwa yale maandishi yake ya polepole: *Imethibitishwa na mke mwenza.* Akaweka sahihi yake.

"Mama!" Duke alisema. "Na shamba?"

"Shamba liko na hati, na hati iko na majina yenu. Huyu ameomba mita mbili." Kisha akamgeukia Ronny, macho makali vile vile. "Ile 'mmoja' mliyosikia kwenye redio, si karani wa redio aliyeiandika. Angwenyi alikuwa amenifuta. Ningesema tu na mimi ni mjane, ingetosha. Jina la mama yako nilikuwa nimelisikia Jumatatu, nilijua yuko. Niliandika 'mmoja' kwa hasira."

Nami niliona haya, kwa sababu ya choo na ile beacon.

Usidhani baada ya hapo mama alilainika. Alikataa Ronny apeleke tangazo peke yake. Waliondoka pamoja hadi Kisumu, mama akiwa ameshika karatasi, na kwenye kaunta akamwambia karani, msichana aitwaye Apondi, asome kwa sauti alichopiga kwenye kompyuta, mara mbili. Pia alikataa kuonyesha mahali pa kaburi. Mazishi yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, vijana wa kuchimba walikuwa wameshaandaliwa, lakini kila aliyemuuliza aliambiwa angoje.

Tangazo lilisomwa Alhamisi mchana. Tulikaa wote, hata Duke. Msomaji alikuwa mwanamke, sauti laini kuliko za zamani, akasema Drusilla alikuwa mke wa marehemu Bosire na mke mwenza wa Persis Bonareri wa Manga. Ronny alifunika uso kwa kofia. Simu yake ikaanza kulia, watu wa Nakuru wakimpigia, hakuipokea. Mama aliendelea kusikiliza, hadi tangazo la mwisho, hadi muziki.

Ijumaa akasikiliza. Sabato, wengine tukiwa kanisani, akabaki na redio. Jumapili saa saba alikuwa mahali pake, betri amezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu.

"Mama, unangoja nini tena?" nilimuuliza. "Si limesomwa?"

"Langu nililipeleka likasomwa siku ya nne," akasema. "Leo ni ya nne."

Nikadhani bado anamshuku Ronny. Nikamfuata macho, nikaona anamtazama Duke, mwanawe wa kumzaa, ambaye Ijumaa alikuwa ameenda Kisii mjini bila kusema shughuli gani. Duke alitazama chini. Nami sikuwa nimemuuliza, na sikumuuliza kwa sababu nilitamani awe ameenda kupeleka masahihisho.

Matangazo yakasomwa. Mzee wa Meru. Mwalimu wa Kakamega. Mtoto wa Voi. Muziki ukaanza, na mama akaizima redio, akachukua jembe akatoka. Tulimfuata hadi kando ya kaburi la Bosire. Alipima kwa nyayo zake upande mmoja, akachora mstari kwa jembe, akapima upande wa pili, akachora mwingine.

"Huyo mtamlaza hapa," alimwambia Ronny. "Na hapa upande wa pili ni pangu."

Kisha akampa Duke jembe, akamwambia aanze yeye.