Mkanda wa Kijani

Nilipokuwa mchezaji wa karate, nilitapika kabla ya kila pambano. Nilikuwa nafungua bomba la choo ili maji yafunike sauti, nasukutua, kisha natoka kifua mbele. Hata nilipokuja kuwa mwalimu, sikuacha kutapika siku za mashindano.

Siku moja ya mashindano hapa Kisumu, mwanafunzi wangu bora, msichana wa Kondele, alinijia kabla ya pambano lake. "Mwalimu, wewe umewahi kuogopa hivi?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshafungua bomba mara mbili. Lakini wazazi walikuwa wanasikiliza. "Hata siku moja," nikasema.

Alifungua mkanda wake wa kijani, akaukunja vizuri, akanikabidhi. "Basi huu mchezo ni wa watu kama wewe."

Nilimwacha aende, nikawaambia wengine kwamba ni mwoga. Upuzi wangu mtupu.

Siku hizi anauza samaki kwenye ufuo wa Dunga. Mimi ni mteja wake, na kila nikienda nasema leo nitamwambia ukweli. Juzi alikuwa na binti yake. "Msalimie mwalimu," akamwambia. "Huyu hajawahi kuogopa kitu."

Nikampa mtoto mkono, nikalipia samaki wangu.