Bata Waliokuja Kabla ya Mvua

Baba mkwe wangu hakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote kama mvua itanyesha. Aliwatazama bata. Nilipoolewa Matinyani nikitoka kwetu Mbumbuni, nilidhani ni mzaha wa kumpima mgeni, maana kwetu bata tunaowajali ni wa kufugwa na mvua ni ya Mungu. Nilicheka kwa misimu kadhaa, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mzee hakukosea.

Alikuwa mtegaji. Alitega tanzi za uzi wa nailoni kando ya silanga, lile bwawa la udongo ambalo watu wa kijiji walilichimba chini ya mashamba yetu. Kazi hiyo hairuhusiwi, kila mtu anajua, na kila mtu pale kijijini amewahi kula nyama yake, hata wale wanaokaa viti vya mbele kanisani. Bata wa mwituni wanahama wakiifuata mvua, alinieleza, kwa sababu mvua ndiyo inayofanya madimbwi mapya yenye majani machanga na wadudu. Mwezi wa kumi upepo wetu hutoka kusini, mkavu, wa kuumiza macho. Siku upepo utakapogeuka na kuanza kutoka upande wa Mwingi, kaskazini mashariki, na jioni ukaona umeme mbali mashariki, tazama juu. Bata watapita mbele ya mawingu, watazunguka silanga, watatua. Mvua iko nyuma yao.

Na hao wa kwanza hawategwi. Hao ni wa habari, alisema, na mleta habari haliwi. Tanzi zilibaki zimetundikwa ukutani mpaka mbegu ziote, ndipo aanze kuwinda.

Kwa hiyo kijiji kizima kilipanda kwa bata wa mzee. Sisi Ukambani tunapanda udongo ungali mkavu. Mvua yetu ni fupi, ukingoja ilowanishe shamba kwanza, itakuwa imekwisha kabla ndengu hazijatoa maua. Lazima ikukute mbegu ziko chini. Anayejua siku ya kupanda anakula, asiyejua anaomba. Asubuhi ya kuonekana kwa bata, majembe yalisikika kila upande.

Mwaka juzi tulikuwa tumetoka kwenye misimu ambayo mazao yalikufa yote. Kilichobaki nyumbani kilikuwa mbegu: mahindi, kunde na ndengu, zilizochanganywa na majivu na kuwekwa juu ya dari la jikoni. Watoto walijua ziko pale. Waliniuliza kwa nini tunakunywa uji mwepesi na chakula kiko juu ya vichwa vyetu, nami nikawaambia kile si chakula. Kusema hivyo mbele ya mtoto mwenye njaa ni jambo baya, sitaki kulipamba.

Kisha bata wakaja. Sijawahi kuona wengi hivyo. Silanga lilikuwa limebaki tope na kidimbwi katikati, na wao wakajazana pale wakipiga mluzi mpaka tukawasikia kutoka nyumbani. Upepo ulikuwa bado wa kusini. Nililiona hilo, na mzee aliliona kabla yangu. Redio nayo ilikuwa imesema mvua itachelewa.

"Upepo utageuka," mzee akasema. "Hizi ndege haziwezi kuja bure. Teremsha mbegu, mama."

Nikateremsha. Tukapanda zote, na majirani wakapanda zao, huku wakiimba nyimbo za kanisani. Nilifurahi siku ile, na leo nikikumbuka ile furaha naona uchungu kuliko nikikumbuka njaa.

Upepo haukugeuka. Kila asubuhi mzee alisimama uani akiutafuta mashariki na kuupata kusini. Bata nao hawakuondoka, walikaa tu kwenye kile kidimbwi kilichozidi kupungua. Mwishowe mzee alitoa tanzi ukutani. Hakuna aliyemuuliza. Alirudi na bata mmoja, akamnyonyoa mbele yangu, na hata kabla ya kisu niliona. Kifua kilikuwa mfupa mtupu, umesimama chini ya ngozi. Bata anayetoka kwenye mvua ana mafuta ya manjano, huhitaji hata kumtilia mafuta sufuriani. Mzee akapasua firigisi. Ndani mlikuwa na mchanga peke yake.

Akaukung'utia ule mchanga kiganjani.

"Hizi hazijaleta kitu," akasema. "Zimetoroka kwao."

Nilimpigia simu mama yangu Mbumbuni nikamuuliza habari za bwawa lao. Akaniambia lilikauka kitambo. "Hata zile bata zilikuwa hapa zimeenda," akasema, kama jambo dogo. Walikuwa wamekuja Matinyani kwa sababu tope letu lilikuwa halijakauka. Sisi ndio tuliokuwa kimbilio lao, na tuliwapokea kama wageni waliobeba zawadi.

Mzee alitaka tuzifukue mbegu. Aliwaambia majirani hivyo bila kuficha, na wakamwangalia kama amerukwa na akili. Kanisani walisema kufukua ni kukosa imani. Tuliofukua tulikuwa sisi wa boma lake tu, kwa mikono, tukipepeta udongo, na mchwa walikuwa wametutangulia. Kabla hatujamaliza hata upande mmoja, mvua ikanyesha. Ilikuwa manyunyu ya alasiri moja. Watu walitoka nje wakapiga vigelegele, na wengine wakatucheka waziwazi. Mbegu zikaota. Shamba likawa kijani kwa muda mfupi, kisha jua likakaa juu yake na lisitoke. Nilikuwa nikipita katikati ya miche ile nikiangalia pembeni, maana nilishindwa kuitazama ikijikunja. Mbegu iliyoota huwezi hata kuichemsha.

Bata waliondoka asubuhi moja, wote kwa pamoja. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia mbawa, nami nikamwona akiinamisha kichwa ili asione wanaelekea wapi.

Jirani yetu mjane alikuja mbio, leso imefungwa vibaya, kitu kimefichwa chini yake.

"Mzee, zimeenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndio unajua. Niambie tu."

Akatoa kopo la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na kunde, hazikujaa hata nusu. Hakuwa amepanda zote. Alikuwa amezificha, watoto wake wakilala njaa, akingoja neno la mzee.

"Nipande ama nipike?"

Nilimwona mzee akiinua macho kuelekea mashariki kwa mazoea, kisha akayarudisha chini. Alinitazama mimi, mkwe aliyekuja akiwacheka bata wake, kama vile mimi ndiye ningejua. Yule mama aliendelea kumnyooshea kopo.

Sikuweza kuvumilia. Nilienda jikoni, nikamimina maji yaliyobaki kwenye mtungi, nikabandika sufuria. Baada ya muda yule mjane akaingia na kopo lake, akazimwaga kunde ndani, akachuchumaa karibu na moto, na hakuuliza tena.