Wageni Wasimame

Kanisa letu la mtaa wa Alief, huku ughaibuni, zamani lilikuwa baa iliyoigiza baa za kale za Uingereza, yenye mbao nyeusi na dari ya chini ambayo sikuipenda kamwe. Baa ilipohama likaja duka la magodoro, kisha sisi, Wakongo na Watanzania. Kaunta tuliiacha, tukaitumia kwa chai.

Jumapili moja mzee wa Kizungu aliingia akaketi kwenye kona ya kaunta. Mchungaji, kama ilivyo desturi yetu, aliomba wageni wasimame wajitambulishe. Binti yangu akamtafsiria. Mzee hakuinuka, nami nikakereka. Akajibu taratibu kwamba kona ile alikuwa akiikalia tangu jengo likiwa jipya.

Mchungaji akatuomba sisi tusimame, tukajitambulisha kwa mzee, mmoja mmoja, kanisa zima.