Vitambaa Juu ya Ukuta wa Ngome

Jumamosi ile nilifua vitambaa vya altare huku nikiimba. Kanisa letu, huko Burundi, lilikuwa kileleni, limebanana na ngome ya mawe waliyoijenga Wajerumani. Padri alikuja mara chache, na kengele ilikuwa imepasuka zamani. Kwa hiyo akija tulianika vitambaa vyeupe juu ya ukuta wa ngome. Watu wa bondeni wakiviona walijua kesho kuna misa.

Alasiri wanajeshi waliingia ngomeni kwa njia ya nyuma. Padri walimkataza kutoka sakristia. Aliniita, akasema kwa sauti ya chini:

"Waasi wako mlima wa pili. Wakijua jeshi liko hapa, watapiga. Nenda ukaanue vile vitambaa, watu wasipande."

Nilifika mlangoni. Askari mmoja alikuwa ameketi chini ya ukuta. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akacheka. Nilikuwa msichana, nikaogopa, nikarudi.

"Umeanua?"

"Ndiyo, padri."

Nilijiambia nitavianua giza likiingia. Likaingia, nami nikalala fofofo. Usingizi ule ndio ninaouchukia zaidi.

Asubuhi nilisikia watu wakipanda, wakiimba.

Nilitoka mbio nikiwapungia mikono warudi.

Dada yangu Goreth alidhani nawakaribisha. Akanipungia naye, mwanawe mchanga, Aline, akiwa mgongoni.

Risasi zikaanza.

Nilimtoa Aline katika kitenge cha mama yake. Kilikuwa kimelowa. Damu haikuwa ya mtoto.

Vitambaa vilikuwa bado ukutani tulipozika. Padri aliviona, akanitazama, akaendelea kusali.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipita kambini Tanzania, ikanifikisha Johannesburg, hapa Jeppestown ninakoshona nguo. Aline nimemlea mimi, na huniita Mama. Siku hizi anafanya kazi benki moja kule Sandton. Mwezi uliopita walimtuma Ujerumani, na aliporudi alikuja kunionyesha picha kwenye simu. Ulikuwa mji wa milimani, ngome ya kale kileleni, kanisa ubavuni mwake.

"Eish, Mama, si kama kule kwenu ulikonisimulia? Lakini mama Goreth alipanda kufanya nini, na vita vile?"

Nafasi ndiyo hiyo.

"Kulikuwa na misa," nikasema.

Aliitazama tena ile picha.

"Yaani Mungu alimwita, halafu akamwacha auawe mlangoni kwake?"

Akaifunga simu, akaniaga kwa upole kama kawaida yake.

Tangu hapo Aline amekataa kwenda kanisani. Anamkasirikia Mungu kwa kosa langu, nami namwacha amkasirikie.