Mtoto wa Karatasi

Kondo Ismaily alizaliwa Ndundu, enzi zile mto ukivukwa kwa pantoni na magari ya kusini yakipanga foleni kutwa kucha kusubiri zamu. Baba yake aliuza kahawa kwenye foleni hiyo, naye Kondo akimfuata nyuma na ndoo ya kuoshea vikombe. Hapo ndipo alipojifunza kutazama watu. "Anayecheka sana anataka kukopa," baba yake alizoea kumwambia, "na asiyecheka kabisa ameshaiba." Daraja lilipokamilika foleni ikafa, na kahawa ikafa nayo. Kondo akahamia Ikwiriri, akajifunza ushonaji, akaoa Hajira binti Saadi wa Chumbi, akajenga nyumba ndogo nyuma ya stendi. Lakini macho ya Ndundu alihama nayo. Akikupima kiuno, alikupima na moyo. Wenzake wakimcheka, aliwajibu kuwa wasiwasi ndiyo akili, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mwaka jana, ufuta ukiwa unavunwa, kondakta wa basi la Dar es Salaam alimletea bahasha nene ya kaki. Ndani mlikuwa na kitabu, riwaya, na jalada lake lilikuwa na jina ambalo Kondo alilikumbuka mara moja: Yasmini Mudathiri. Huyu alikuwa mwalimu wa mazoezi aliyepanga chumba chao cha uani miaka ya nyuma, binti mpole kutoka Nyamisati, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Sihaba, binti yao, wakati ule alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, na alikuwa habanduki chumbani kwa mwalimu. Sasa Sihaba alikuwa kidato cha kwanza.

Ukurasa wa mwanzo uliandikwa kwa kalamu: *Kwa Mama Sihaba, aliyenipa sahani.*

Kondo aliusoma mara mbili, akakipeleka kitabu ndani ambako Hajira alikuwa akipeta mchele.

"Mbona mimi simo?"

Hajira alitupa jicho kwenye karatasi, akacheka. "Wewe si ulikuwa bondeni?"

Ilikuwa kweli. Miaka ile kabla cherehani haijashika kasi, Kondo alilima mpunga ng'ambo ya mto, na msimu ukifika alihamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akakaa huko miezi akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Jibu lilikuwa jepesi, lakini lilimkaa kooni kama mwiba wa perege.

Akakibeba kitabu hadi kibandani kwake. Jirani yake wa kazi alikuwa Mudy kinyozi, kijana aliyependa kusoma kwa sauti chochote chenye herufi, hata maandishi ya mfuko wa saruji. Mudy akakichukua, akaanza kuwasomea wateja wake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi.

Msimulizi wa riwaya alikuwa mtoto wa miaka sita, Kidawa. Alisema alichokiona, basi. Hakueleza, hakuhukumu. Siku ya tatu Mudy alifika pahala pa hatari:

*Mama aliniambia nikalale, na jua lilikuwa bado lipo. Mjomba wa baiskeli alikuja. Alivua viatu mlangoni. Kimoja kilikuwa kimepasuka mbele kama kinacheka. Na mama alicheka. Mama hakuwa amecheka tangu baba aende kwenye mpunga.*

Benchi zima likaguna.

"Huyo si mjomba," alisema dalali mmoja wa ufuta, mkasi ukiwa sikioni kwake. "Mjomba gani anayesubiri shemeji yake aende shamba?"

"Mtoto wa miaka sita hasemi hivyo," alipinga mwalimu wa madrasa. "Humo kuna mtu mzima amejificha ndani ya mtoto. Uongo mtupu."

"Tena mtoto ndiye wa kuaminiwa," alidakia mama muuza vitumbua, ambaye alikuja kudai chombo chake akasahau kuondoka. "Mtu mzima angeficha. Mtoto hajui la kuficha."

Wakabishana, kila mmoja akimshika mtoto yule kwa upande wake. Kisha Mudy akafunga kitabu kidole kikiwa katikati, akageuka taratibu.

"Fundi. Huyu mwalimu si ndiye aliyepanga kwako?"

"Ndiye."

"Na wewe ukiwa kwenye mpunga?"

Cherehani ya Kondo ikasimama. Mama wa vitumbua alichukua chombo chake akaondoka bila kuaga, na Kondo akamwona anavyoharakisha, akajua habari itafika sokoni kabla yake.

Alikichukua kitabu chake, akakisoma peke yake nyuma ya pazia la kujipimia nguo. Alikisoma kama askari anavyopekua begi. Mji wa barabarani, sawa. Mlango wa rangi ya bluu: wa kwao ulikuwa wa bluu. Baiskeli. Nani alikuwa na baiskeli miaka ile? Jibu lilikuja lenyewe, akatamani lisingekuja. Shaban, rafiki yake wa tangu Ndundu, ambaye siku hizo alichuuza samaki kwa baiskeli nyumba hadi nyumba. Ni mara ngapi Kondo alirudi kutoka bondeni akakuta Shaban amekaa barazani pake? Wakati ule alifurahi. Sasa alizirudia siku hizo moja moja, kila moja ikawa na sura nyingine.

Shaban alipopita jioni kuchukua suruali yake, Kondo alimrudishia kitambaa kikiwa hakijakatwa.

"Nina kazi nyingi."

"Fundi, hii umekaa nayo tangu mfungo."

"Peleka kwingine."

Shaban alimtazama kama mtu aliyegongana na ukuta uliojengwa jana, akaweka kitambaa begani, akaondoka. *Hakuuliza sababu*, Kondo aliwaza. *Asiye na kosa angeuliza.*

Nyumbani alimkuta Sihaba akipasi sare. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyohiyo. Akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mwalimu Yasmini alipokuwa hapa, ulikuwa unamwambia nini?"

"Sikumbuki, baba. Nilikuwa mdogo."

"Kumbuka. Watu waliokuja hapa nikiwa bondeni. Ulimwambia?"

"Watu gani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza!"

Sihaba aliweka pasi chini. Macho yake yakatafuta mlango, na mlangoni alikuwa amesimama mama yake na ndoo ya maji kichwani. Hajira aliitua polepole. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kondo.

"Baba Sihaba, la kuniuliza niulize mimi. Mtoto muache."

Akamuuliza. Maneno yalitoka vibaya: viatu, baiskeli, Shaban, sahani. Hajira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, na asubuhi yeye na Sihaba walipanda gari la Chumbi, kwa baba yake.

Kondo alibaki na kitabu. Alipata namba ya Yasmini kwa mwalimu mkuu wa shule alikofanyia mazoezi, akapiga. Sauti ilimpokea kwa furaha, "Shikamoo baba Sihaba," naye akaipokea shikamoo hiyo kwa shingo upande.

"Mlango wa bluu ni wa nani?"

Yasmini alicheka. "Baba, mzee mmoja wa Kilwa kanipigia juzi, anasema nimemwandika mkewe. Mama mmoja wa Kibiti anasema nimemwandika dada yake. Kwetu Nyamisati milango mingi ni ya bluu, watu wanamalizia rangi iliyobaki kwenye mashua."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mimi."

"Na mjomba?"

Hapo Yasmini akanyamaza kidogo. "Mjomba ni mjomba, baba. Ndugu yake mama."

Kondo alikata simu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini yeye aliushika ule ukimya uliotangulia. Mtu anayesema kweli ananyamazia nini?

Alivumilia siku chache za kula chapati za stendi na kusikia benchi la kinyozi likinyamaza kila alipokaribia. Ijumaa, baada ya sala, alipanda bodaboda akavuka daraja kwenda Chumbi, kitabu kikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikibeba kama ushahidi.

Mzee Saadi alimkaribisha barazani, akampa maji, akamwacha anywe yote ndipo akasema.

"Mkwe, nasikia kuna mtoto amekuletea habari."

"Ni kitabu, baba."

"Umekuja nacho? Vizuri. Sihaba, njoo. Msomee mama yako. Aliyeshtakiwa lazima asikie shtaka."

Hajira alitoka na ungo wa kunde, akakaa mkekani akimpa mumewe ubavu. "Umemwamini mtoto wa karatasi," alisema, "mimi niliyekuzalia mtoto wa damu hukuniamini. Haya, soma mwanangu."

Sihaba alisoma. Mwanzoni sauti yake ilikuwa imebana, lakini Kidawa alikuwa mtoto mwenye vituko, na haikuchukua muda Sihaba akawa anaiga sauti yake. Hajira alicheka pahala ambapo Kondo hakujua kuwa pana kichekesho. Walipofika kwenye viatu mlangoni, Kondo alimkazia macho mkewe. Hajira aliendelea kupukuchua kunde. Sihaba akageuza ukurasa.

*Mjomba alileta perege. Mama aligawa. Mimi kichwa, kaka mkia, bibi katikati kwa sababu hana meno. Nilimuuliza mama, chako kipi? Akasema, mimi nimeshiba harufu.*

"Rudia hapo," Hajira alisema.

Sihaba akarudia. Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwa mama yake.

"Hii hamkuisikia, nyinyi wa kwa kinyozi?"

Kondo alikuwa amekisoma kitabu kile mara tatu, na wallahi, sentensi hiyo hakuikumbuka. Alikuwa akitafuta viatu.

"Kitabu kizima mtoto ana njaa," Hajira alisema. "Tangu ukurasa wa kwanza. Analala na jua lipo ili asiombe chakula cha usiku. Na ninyi wanaume wazima mmekaa mnabishania nani kavua viatu."

"Mama Sihaba, mimi..."

"Mwaka ule maji yalipobeba mpunga, wewe ulituletea salamu kwamba mambo ni mazuri. Mimi nikakurudishia salamu kwamba na huku ni mazuri. Tulidanganyana. Aliyetuletea samaki ni Shaban, tena bila kudai. Ndiyo, alivua viatu. Ulitaka aingie navyo? Na ni wewe uliyemwambia, 'Niangalizie nyumba.' Mwalimu alikuwa akiniona ninavyogawa. Siku moja nikampa sahani yangu, nikamwambia mimi nimeshiba harufu. Yeye akala huku analia."

Kondo alihesabu maneno hayo kichwani. "Kwa hiyo ni sisi! Aliniambia ni kwao."

"Kwenye sahani ni sisi. Mlangoni sijui ni nani. Mwenyewe anajua."

Mzee Saadi alikohoa. Alisema binti yake atarudi Ikwiriri, lakini si kabla Kondo hajakwenda kwa Shaban kwa miguu yake na kinywa chake. Na kwa mtoto pia kuna neno, aliongeza, ingawa hilo hakumfundisha alisemeje.

Kwa Shaban alikwenda kesho yake. Walisimama kwenye ghala la ufuta, ambako Shaban sasa alikuwa akifanya kazi, vumbi likiwaingia puani. Shaban alisikiliza, akaupokea mkono, akasema yamekwisha. Ila suruali alishonewa na fundi wa upande wa pili wa barabara, na mpaka leo anashonewa huko. Wakikutana wanasalimiana. Barazani hakai tena.

Hajira alirudi shule zilipokaribia kufunguliwa. Kwa kinyozi walishamhama Kondo. Sasa walikuwa na hakika kwamba mlango wa bluu ni wa dereva fulani wa lori, na mwalimu wa madrasa, aliyesema ni uongo mtupu, ndiye aliyekuwa akiulizia sana kama kuna kitabu cha pili.

Sihaba alikuwa mgumu kuliko wote. Kondo alimwomba radhi jioni moja, kwa maneno machache na macho chini, naye akaitikia, "Haya baba," kwa adabu tu. Kwa wiki nyingi alikuwa akizungumza na mama yake jikoni, na baba akiingia, mazungumzo yanakatika. Kila yakikatika Kondo alitaka kuuliza, *Mlikuwa mnasema nini?* Swali lilimpanda hadi kwenye meno. Siku nyingine alikwenda kulimeza kibandani, akipangusa cherehani ambayo ilikuwa safi.

Siku moja alirudi akamkuta binti yake peke yake mezani, daftari limefunguliwa.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekula, baba."

Alimtazama usoni kwa kitambo, kama alivyokuwa akitazama watu wa pantoni. Kisha akaenda jikoni, akafunua sufuria aone mwenyewe.