Kagari Kangu na Mlima wa Kilungu

Mimi ndiye yule bwana shamba aliyejisifu kule Kilungu, na leo nakiri na kushukuru. Mvua ilikuwa imeanza, na mbegu za akina mama wa mwethya, wale wanaochimbiana matuta kwa zamu, zilikuwa bado kwenye ghala kule Kiboko. Nikaazima trela lililofunikwa pande zote, nikalifunga nyuma ya kagari kangu ka kupandia milima, nikaenda kuzichukua.

Trela lilikuwa pana kuliko gari, kwa hivyo vioo havikunionyesha chochote cha nyuma. Mlimani niliwapita akina mama wakichimba, nikawapigia honi. Mbele kidogo magurudumu yakaanza kuteleza kwenye matope. Nikakanyaga mafuta huku nikiomba Mungu. Mara gari likapanda kama halijabeba kitu, nami nikaanza kuimba.

Kileleni nikashuka, nikamwambia mwenye duka, "Umeona injini hii? Haijui mlima."

Akanionyesha nyuma ya trela. Akina mama kumi na wawili, matope hadi kwenye nywele, walikuwa wameliegemea wakihema. Mwenyekiti wao, Mama Mutuku, akajipangusa uso.

"Asante kwa kutuletea mbegu, bwana shamba," akasema. "Hata sisi tumeona ina nguvu."