Wingu Alilolingoja Mama

Ninafundisha Kiswahili sekondari hapa Songea, na jioni huandika hadithi fupi za taharuki. Kwa miaka mingi kila hatari katika hadithi zangu ilitanguliwa na wingu jeusi. Muuaji wangu hakuthubutu kubisha hodi kabla radi haijapiga. Wanafunzi nao niliwakaririsha hivyo hivyo: wingu zito ni ishara ya balaa.

Likizo moja, kule nyumbani Maposeni, nilimsomea mama hadithi yangu huku akipukuchua mahindi. Nilipofika kwenye wingu akatabasamu.

"Hapo ndipo niogope?"

"Ndiyo, mama. Balaa linakuja."

"Wingu likifunga hivyo sisi tunabeba majembe, mwanangu. Ukitaka nikose usingizi, niandikie jua la Januari."

Niliudhika, kwa sababu alisema kweli. Mawingu yangu nilikuwa nimeyaokota vitabuni, ilhali nimekulia katika nyumba ambayo mvua ikikatika, wakubwa walikula bila kusemezana.

Januari iliyopita mvua ilikatika, mahindi yakiwa bado ya magotini. Mama alikuwa amelazwa hapa mjini, figo zimechoka, na daktari alikwisha kuniambia nisitarajie makubwa. Mwenyewe hakuuliza habari za figo. Kila nikiingia wodini, kabla sijamaliza shikamoo, aliuliza kama wingu limefunga. Kitanda chake kilikuwa mbali na dirisha, basi nikamdanganya kwamba linakusanyika upande wa Matogoro. Nje jua lilikuwa linababua majani. Nikageuka mtu wa kuchungulia juu kutwa nzima, na moyoni nikajiwekea sharti la kijinga: mvua ikinyesha, mama atapona. Mimi huyo, ninayewafundisha watoto wa watu kwamba ishara hutungwa na mwandishi.

Ikanyesha. Alasiri moja wingu lilifunga kweli, na matone makubwa yakapiga bati la hospitali hata watu wakalazimika kupaza sauti. Nilikimbia kutoka getini bila mwavuli, nacheka peke yangu, nikimpelekea habari ambayo safari hii haikuwa uongo. Muuguzi alinizuia mlangoni akanishika mkono. Mama alikuwa amekata roho muda mfupi uliopita.

"Aliisikia mvua?" nikamuuliza.

Akasema hajui.

Msibani majirani walinifariji kwamba mvua ile ni baraka, kwamba mama amepokelewa vizuri. Niliwaitikia tu, sikuwa na nguvu za kubishana. Tangu hapo sijamaliza hadithi hata moja. Nikifika mahali pa kueleza hali ya hewa, ninafunga daftari na kwenda kulala.

Mahindi yake yalikubali kuliko miaka yote. Niliyavuna, nikayasagisha, nikasonga ugali, nikakaa nao peke yangu jikoni kwake. Ulikuwa mtamu, na nilichukia kila tonge.